Pointi Haziozi

Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Miaka mingi alisoma majina ya wengine kwa sauti mbele ya umati, akiweka kimya kirefu kati ya jina na matokeo ili moyo wa mzazi upate nafasi ya kusimama. Mtu wa namna hiyo, adhabu yake ya kwanza ni kutosomwa. Basi hapa ataitwa Prefe, kama mtaa wetu mzima wa Naviundu ulivyomwita. Kwetu Lubumbashi mkuu wa shule ya sekondari huitwa hivyo, na akistaafu, au akifukuzwa, au shule yenyewe ikifa, cheo hubaki naye kama moshi kwenye koti.

Alikuwa jirani yetu. Nikisema yetu, nasema mimi na mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea. Mama mkubwa alikufa katika ile miaka ambayo kila kitu kilianguka. Alikufa kwa sababu alikuwa na njaa, na alikuwa na njaa kwa sababu ya neno moja ambalo Prefe alilijua kuliko sisi sote na hakulisahihisha. Nimezunguka sana tangu hapo, nimefanya kazi za kila aina, nimeuliza watu maswali mpaka wakanichoka, lakini hilo halijatoka moyoni. Mazuri yake nitayasema pia, maana yalikuwepo. Yasomwe, lakini yasihesabiwe.

Kwanza sauti. Hakuipaza. Aliongea chini, kama mtu anayejua kwamba wengine watanyamaza, nao walinyamaza. Mbwa wa mtaani aliwafukuza kwa Kifaransa cha heshima, akiwaita “vous”. Mwili wake ulikuwa mdogo na koti lake kubwa, na kola ya shati ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya na mama mkubwa kwa cherehani yake, kwa sababu Prefe hakukubali kuonekana na kola iliyochakaa. Alikuwa na baiskeli, kinga kwa Kiswahili chetu, ambayo aliisukuma zaidi ya kuipanda. Tulipomuuliza sababu alijibu, “Muntu mwenye iko juu ya kinga hawezi kusalimia bantu muzuri.”

Na hakula kwa watu. Ungemkaribisha wakati sufuria inatoka motoni, naye angeinua kiganja. “Nilishakula.” Alisema hivyo hata katika miezi ambayo mtaa mzima ulijua kwamba kwake hakujawaka moto. Mkewe alikuwa akipokea sahani kwa mlango wa nyuma, na yeye alikuwa akijifanya haoni sahani imetoka wapi.

Mfukoni mwa koti, upande wa moyo, kulikuwa na kalamu, biki nyekundu. Hiyo ndiyo iliyomfanya Prefe awe Prefe. Kinyozi wa karibu na daraja aliandika KWAFERI ukutani kwake. Asubuhi moja tukakuta neno limekatwa kwa mstari mwekundu na kuandikwa upya juu yake, kwa Kifaransa safi, pamoja na alama zake zote. Kinyozi akalalamika kwamba sasa wateja hawaelewi pale panauzwa nini. “Batajifunza,” Prefe akamwambia. Watu wasiojua kusoma walimpelekea barua zao, naye alizisahihisha kabla ya kuzisoma. Kuna mama mmoja aliyeelezwa kwanza makosa yote ya sarufi ya mwanawe, moja baada ya jingine, kisha ndipo akaambiwa kwamba huyo mwana yuko gerezani.

Askari wasiolipwa walipoingia mitaani kupora, mmoja aliingia kwa Prefe, akamwelekezea bunduki na kudai redio: “Donne-moi le radio.”

“La radio,” Prefe akamjibu, maana kwa Kifaransa redio ni ya kike.

Akapigwa kofi. Askari alipofika mlangoni, redio kwapani, akageuka nyuma. “Minasikia, Prefe. La radio.” Kumbe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Prefe aliisimulia hadithi hiyo kila mahali, shavu likiwa bado limevimba, na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale: “Munaona? Alishika.” Sisi tulicheka kwa sababu kweli askari alishika, na kile alichokishika hakikurudi.

Lakini kitu alichokiabudu hasa kilikuwa pointi. Kwetu alama za shule huitwa hivyo, na mwisho wa mwaka husomwa hadharani, siku ya proklamasyon, wazazi wamevaa nguo za kanisani. Mwenye hamsini kwa mia amepita. Aliyekosa kidogo, walimu wakimhurumia, wanaweza kumvuta juu. Prefe hakumvuta mtu. Alimwangusha mwanawe wa kumzaa mbele ya mkewe, kisha wakarudi nyumbani watatu wakifuatana.

Mimi nilipata arobaini na nane. Mama mkubwa alikwenda ofisini kwake, mimi nyuma yake.

“Prefe, mutoto iko na akili. Shida yake ni kuuliza-uliza tu. Mumuvute kidogo.”

“Mama, pointi ni pointi. Habaziuzi, habaziibi, haziozi.”

“Mbili tu, Prefe.”

“Nikimupa mbili zenye haziko zake, hata zile arobaini na nane hazitakuwa tena zake.”

Nilitoka shuleni siku ile na sikurudi. Hilo halinisumbui; miguu yangu ingenitoa hata bila yeye. Nimelitaja kwa sababu ya yale maneno matatu. Haziuzwi, haziibiwi, haziozi. Mama mkubwa aliyameza yote akiwa amesimama pale na kitambaa chake mkononi, na kwa kuwa yalimuuma aliamini kwamba ni kweli.

Nilisema nitataja na mazuri. Kulikuwa na msimu ambapo majirani wetu wenye asili ya Kasai waliambiwa waondoke Katanga, wakajaa stesheni na magodoro na watoto, wakingoja treni ambazo hazikuja. Wengi mtaani walijifanya wamewasahau, hata waliokuwa wamekula harusi zao. Prefe alifunga ndoo ya maji kwenye baiskeli akaisukuma mpaka stesheni, na akaendelea kwenda kila asubuhi. Aliwakusanya watoto wao kando ya mabehewa akawafundisha sarufi. Vijana waliokuwa wakilinda njia wakamuuliza kama anajua anampelekea nani maji. Akawajibu kwamba maneno waliyoyaandika ukutani yana makosa, akatoa biki, akawaonyesha ni yapi. Wakamwachia apite. Mimi sikuwa na ushujaa huo, wala sikumjua mwingine aliyekuwa nao. Ninayaandika haya nimekaza meno.

Sasa hoteli.

Ilikuwa nje ya mji, upande wa barabara ya Kinsevere, yenye bwawa na miti iliyopandwa kwa mistari. Mama mkubwa aliifahamu kwa mlango wa nyuma. Ndiye aliyekuwa akifua mashuka yake, mtoni Naviundu, akiyaanika juu ya majani, na sisi watoto tukikatazwa kupita karibu tusije tukayatia vumbi. Aliyajua mashuka yale kama mtu anavyojua nyuso: hili limeungua kwa sigara, hili lina doa la divai lisilotoka. Hakuwahi kulala juu ya hata moja.

Kampuni ya shaba ilipoacha kuwalipa watu wake, na serikali ilipoacha kuwalipa walimu, wageni wa hoteli nao wakaisha. Mwenye hoteli akatafuta akili. Akaamua kuuza majuma. Unalipa mara moja, na kila mwaka, maisha yako yote, chumba ni chako kwa juma moja. Ili mtu asisite, akitia sahihi anachagua zawadi. Anaweza kuchukua bon, yaani karatasi za kwenda kuchukulia unga, mafuta na sabuni katika duka moja kubwa la mjini. Au anaweza kuchukua pointi za hoteli, ambazo zinaandikwa kwenye kadi yake na kuongezeka kila akija, mpaka siku moja zinampa kulala bure, na kula mezani, na kuitwa mgeni wa kudumu.

Ili kuwaeleza watu wa Naviundu alihitaji sauti. Akamchukua Prefe, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa na mbuzi wameshaingia madarasani.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa parokia baada ya misa. Nilikuwa nimeegemea mlango, maana sijawahi kukosa mkutano ambao sikualikwa. Prefe alisimama na karatasi yake kama siku za proklamasyon. Watu wakanyamaza wenyewe. Kisha akatafsiri Kifaransa cha mwenye hoteli:

“Kila muntu mwenye atatia signature, atakuwa na poso yake kule ku oteli. Poso moja kila mwaka, mpaka kufa.”

Lazima nieleze neno hilo. Kwetu poso ni juma. Lakini poso ni chakula pia: ule unga, maharagwe, samaki wakavu na mafuta ambavyo kampuni ya shaba iliwagawia wafanyakazi wake tangu enzi za babu zetu. Tumekua tukimwona baba wa fulani akirudi na gunia la poso begani, na mtaa ukijua leo kwa fulani watapika. Wakati ule poso ilikuwa imekatika, na hakuna kitu ambacho watu walikiota zaidi. Mtu mwenye njaa ukimwambia ana poso yake hotelini, hasikii juma. Anasikia gunia.

Ukumbi ukavuta pumzi. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi kwenye tanuru za kampuni akasimama kwa kushika benchi la mbele.

“Prefe, poso? Sawa ile ya zamani?”

Prefe alimtazama. Kutoka mlangoni niliuona uso wake wote. Mkono wake ukapanda mpaka kwenye mfuko wa koti, vidole vikaigusa biki. Kisha mkono ukashuka.

“Poso,” akasema. “Poso ya kweli.”

Hapo watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, na yule mzee wa tanuru akakaa chini akajifuta macho kwa kofia. Prefe alisimama katikati ya kelele ile akiwa hajui aiweke wapi mikono yake.

Ilipofika kwenye zawadi, mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Mtu atakayepewa poso mpaka kufa atafanya nini na bon ya unga?

“Bon ni karatasi,” Prefe aliwaambia. “Duka inaweza kufunga kesho. Pointi ni pointi. Habaziuzi, habaziibi, haziozi.”

“Na mwenye hakusomaka, Prefe?” Ilikuwa sauti ya mama mkubwa, kutoka nyuma. “Naye anaweza kuwa na pointi?”

“Naye, mama.”

Nilimwona akinyoosha mgongo. Maisha yake yote alikuwa amekaa katika mikutano akisikiliza pointi za watoto wa wengine. Sasa zake zingeandikwa kwenye kadi, na jina lake juu.

Aliyeuliza swali lililobaki alikuwa Mama Kivu. Tulimwita hivyo kwa sababu alitoka Kivu ya Kaskazini. Alikuwa akiuza maharagwe kwa jumla, na stoo yake ilikuwa pale darajani. Alikuja mkutanoni kwa sababu noti zake zilikuwa zikipoteza nguvu kila kukicha na alitaka kuzitoa nyumbani kabla hazijawa majani.

“Prefe, hii pointi, banaipikaka namna gani?”

Watu wakacheka.

“Mama, haziko za kupika.”

“Basi miye munipe bon.”

“Mama Kivu anapenda tumbo,” mtu akasema.

“Na tumbo inanipenda,” akajibu, akatia sahihi. Kesho yake alikwenda mjini na mkokoteni, akarudi na unga, mafuta na sabuni mpaka karatasi ya mwisho. Haukupita muda duka lile likavunjwa na waporaji, wakabeba mpaka milango. Prefe alisema mtaani kwamba si aliwaambia duka linaweza kufunga? Na kweli alikuwa amewaambia. Hilo ndilo lililokuwa baya kwake: kila alichosema kilikuwa sahihi.

Mama mkubwa aliuza cherehani ili alipe. Ile ile iliyogeuza kola.

Juma lake lilipofika alivaa kitenge cha sikukuu, akakunja gunia tupu akalitia kwapani, na mimi nikamsindikiza. Tulikwenda kwa miguu. Njiani alikuwa akigawa kwa maneno: hii ya nyumba, hii ya jirani wa mbele aliyejifungua, na kidogo tutampelekea mke wa Prefe kwa mlango wa nyuma, “juu ni Prefe alitufungula macho.”

Bwawa lilikuwa limegeuka kijani. Madirisha hayakuwa na vioo, na penye mlango mkubwa palikuwa na uwazi tu. Mlinzi mmoja alikuwa amebaki, amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo.

“Mama, munatafuta nani?”

“Nakuya kukamata poso yangu. Kadi iko hii.”

Mlinzi aliigeuza kadi upande huu na upande huu. Alikuwa mtu mpole, akaona aibu ambayo haikuwa yake.

“Mama, poso yenye banaandika hapa ni kulala. Siku za kulala. Na kulala yenyewe haiko tena. Patron alishaenda, bitanda balishabibeba.”

Mama mkubwa alimtazama, akalitazama gunia.

“Kumbe baliniuzisha kulala,” akasema. “Kulala minajua tangu zamani.”

Hata alicheka. Mlinzi naye akacheka, kisha akageuza uso. Kabla ya kuondoka mama mkubwa aliomba aonyeshwe mashuka, ayaone tu. Hayakuwepo pia.

Msimu ule alishikwa na homa ndogo. Mtu aliyekula angeilalia kidogo akainuka.

Kwenye mazishi, fundi alikuwa ameandika jina lake msalabani kwa haraka, akaruka herufi moja. Prefe alikuja na koti lake, na kola ile. Wimbo ulipokwisha alitoka katikati ya waombolezaji, akachuchumaa mbele ya msalaba, akatoa biki nyekundu, akaiongeza ile herufi. Kisha akaipuliza ili ikauke. Nikasikia nyuma yangu mtu akisema, “Prefe iko na mapendo.” Mimi nilikuwa nikiitazama ile biki. Imefika mpaka kaburini kutafuta herufi, na ukumbini, palipokuwa na kosa lenye uzito wa gunia, ilikosa nguvu ya kutoka mfukoni.

Sikumpiga. Kofi angelisimulia. Nilitaka kitu ambacho hataweza kukisimulia.

Nilikaa na hamu hiyo miaka mingi, nayo ilisafiri nami. Nilipakia malori, nilichimba visima, nilikaa na wabadilishaji wa pesa wa mpakani Kasumbalesa nikijifunza kutofautisha noti kwa kidole. Kila mahali nilikuwa nikijipoza kwa kuamini kwamba Prefe alikula. Kwamba mwenye hoteli alimlipa vizuri, kwamba kuna nyumba mahali fulani iliyojengwa kwa cherehani ya mama mkubwa. Aliyeniharibia alikuwa Mama Kivu, ambaye wakati huo alikuwa na malori yake na nyumba ya wageni hapo hapo Kasumbalesa, na mimi nikiwa mtu wake wa kaunta.

“Prefe?” aliniambia. “Balimuuliza kazi yake bamulipe na nini, bon ao pointi. Akasema pointi. Muke yake alilia poso nzima.”

Sikumshukuru. Nilikuwa na mwizi wangu, akaninyang’anya, akaniwekea mjinga mahali pake. Mwizi unaweza kumchukia hata ukiwa umelala. Mjinga inabidi umchukie kwa juhudi. Basi nikafanya juhudi.

Prefe alikuja mchana mmoja ambapo mpaka ulikuwa umefungwa. Madereva walikuwa wamegombana na watu wa forodha, malori yamesimama mpaka upeo wa macho, na kila mwenye kuvuka alikuwa akitafuta kitanda. Nilimjua kabla hajafika kaunta, kwa sababu mlangoni alisimama akamsalimia kila aliyekuwa kwenye benchi, mmoja mmoja. Koti lilikuwa lile lile. Mwili ulikuwa umepungua ndani yake. Alikuwa akienda Zambia kwa mwanawe, yule aliyemwangusha. Alilipia kitanda. Kisha akainua macho kulisoma tangazo letu ukutani, na nikaiona midomo yake ikitafuta kosa.

Tangazo lile alilitunga Mama Kivu, kwa mchezo. Kila anayelipia kitanda anachagua: bon ya sahani moja ya bukari, yaani ugali, na maharagwe jikoni, au pointi kwenye kadi, na kadi ikijaa analala bure. Sikuwahi kumwona dereva akichukua pointi.

“Bon ao pointi?” nikamuuliza.

Hakusita hata kidogo.

“Bon.”

“Sikusikia muzuri, Papa.”

“Bon, mwanangu. Tangu asubuhi sijatia kitu mu kinywa.”

Mtu aliyewaambia watu miaka yote kwamba ameshakula. Mpishi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akasikia, akaenda kupakua. Nikaweka mikono yangu miwili juu ya kaunta.

“Prefe, poso ni nini?”

Ndipo aliponitazama sawasawa. Akalitaja jina la mama mkubwa, lote, pamoja na ile herufi.

“Poso ni semaine,” akasema, juma kwa Kifaransa chake.

“Na nini tena?”

“Na chakula.”

“Ile siku ulijua kama banasikia chakula?”

“Nilijua.”

“Juu ya nini haukusahihisha?”

Akaweka kimya. Kilikuwa kimya chake kile cha zamani, kati ya jina na matokeo, lakini safari hii yeye ndiye aliyekuwa ndani yake.

“Ku proklamasyon, kila mwaka, nusu ya bantu mu salle banalia,” akasema. “Ni miye nabaliza. Ile siku bote balipiga makofi. Bote. Nikasema, acha basikie muzuri kidogo, kesho nitabaeleza.”

“Na kesho?”

“Kesho balikuwa bangali banafurahi.”

Watu wengine wangesema walilainika. Mimi sikulainika. Nilikuwa nimemwona yule mwanamke akigawa unga njiani, gunia tupu kwapani. Nikachukua kadi ya pointi, nikaandika juu yake arobaini na nane kwa biki ya bluu, nikaisukuma mbele yake.

“Niliomba bon,” akasema.

“Bon ni karatasi, Prefe.”

Dereva mmoja kwenye benchi akaingilia. “Ee, chef, umupe muzee bukari. Hauone namna iko?”

“Huyu muzee hapendi bitu bya kuoza,” nikamjibu.

Hakuna aliyecheka. Prefe aliitazama kadi. Nilingoja aombe, au akasirike, au anieleze kitu kwa sauti ile ya chini. Nilikuwa na jibu la kila moja, nimeyatunza miaka. Yeye akaingiza mkono kwenye koti, upande wa moyo, akatoa biki nyekundu. Akailaza kadi kwenye ukingo wa kaunta, akapiga mistari miwili chini ya ile arobaini na nane, iliyonyooka, kama alivyokuwa akifanya kwenye karatasi za walioanguka.

“Échec, kuanguka, inaandikwaka na nyekundu,” akasema. “Haukukosea. Ni rangi tu.”

Akaitia kadi mfukoni pamoja na biki, akachukua ufunguo, akaenda chumbani. Mlango hakuufunga. Nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, koti hajalivua, mikono juu ya magoti.

Sahani yake ikatoka jikoni. Mpishi akaiweka kaunta, akanitazama, akarudi alikotoka. Nikavuta kiti nikakaa mahali ambapo naweza kumwona naye anaweza kuniona, nikanawa mikono, nikaila mimi. Niliila polepole, bukari yote na maharagwe yote, mpaka nikafuta sahani kwa kidole. Ilikuwa tamu. Sitaki mtu aje aniambie kwamba haikuwa tamu.